Shule Ndogo na Sifa za Bahati

Yako maandiko machache ambayo yampasa kila mwalimu na kila mzazi kuyajua, na insha ya Howard Wainer wa Marekani, iliyotoka katika gazeti la American Scientist mwaka 2007, twaihesabu miongoni mwayo. Habari yake ni hesabu, lakini neno lake ni la haki.

Wainer alitazama alama za kusoma za darasa la 5 katika shule 1,662 za jimbo la Pennsylvania. Katika shule 50 zilizoongoza, 6 zilikuwa miongoni mwa zile 50 ndogo kuliko zote, ingawa kwa kadiri ya wingi wake zilitazamiwa 1 au 2 tu. Kwa kuona mambo ya namna hiyo, Shirika la Bill na Melinda Gates lilikuwa limekwisha toa fedha nyingi kwa ajili ya shule ndogo. Lakini Wainer alitazama na mkiani: katika 50 za mwisho, zile ndogo zilikuwa 9!

Sababu yake kila msomaji aweza kuijaribu kwa senti. Tuseme kila mtoto ni senti moja iliyorushwa, na kichwa ndicho kushinda. Shule ya watoto 4 itapata vichwa vyote mara 1 katika 16, na kukosa vyote mara 1 katika 16. Shule ya watoto 40 kupata hata vichwa 30 ni yapata mara 1 katika 1,000. Hapa hapana mwalimu hodari wala mvivu. Lakini ndogo ndizo zitakazosifiwa, na ndogo ndizo zitakazoaibishwa.

Upungufu wa insha ni huu: Wainer aingia pia katika habari za maradhi na za miji, na ya shule aiacha upesi. Twatamani angemwonyesha mwalimu namna ya kutenga bahati na kazi. Twadhani njia ni kujumlisha matokeo ya miaka mingi, na kuuliza watoto walianzia wapi.

Huko Tanzania, Baraza la Mitihani lilizipanga mbali shule zenye watahiniwa chini ya 40, kisha Januari 2023 likaacha kutangaza shule kumi bora. Twasifu hayo, lakini mioyoni mwetu orodha ingali ipo. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Ni kweli, lakini kabla ya kumvika mwalimu taji au kumlaumu kwa mtihani wa mwaka mmoja, na tuulize kwanza: watoto walikuwa wangapi?