Stika ya HDR 400 Haimsaidii Mhariri wa Video

Desemba 2017, VESA, jumuiya ya viwango vya vioo yenye makao yake California, ilizindua DisplayHDR, cheti cha monita za HDR (picha yenye masafa mapana ya mwangaza), katika madaraja matatu: 400, 600 na 1000. Hilo la kwanza halikupaswa kuwepo. Nimelisema hapa mara nyingi na sitaacha, maana kila nikiingia chumba cha kuhariria, Dar au Nairobi, nakuta monita yenye stika ya HDR 400 pembeni, na kijana aliyejinyima ili aipate anaamini amenunua HDR. Alichonunua ni monita ya kawaida yenye taa kali.

Tulitazame sharti lenyewe. Daraja la 400 lilidai mwangaza wa kilele wa niti 400, na weusi usiozidi niti 0.4. Gawanya. Unapata 1000 kwa 1, uwiano uleule ambao paneli ya IPS ya ofisini ilikuwa ikiutoa miaka mingi kabla neno HDR halijafika madukani. Kwenye rangi, monita ilitakiwa kufikisha asilimia 95 tu ya Rec. 709, kwa hiyo hata uwanja wa rangi wa SDR, ile picha ya kawaida, haikulazimika kuujaza. Biti zilizotakiwa ni 8, ilhali HDR10 yenyewe inabeba biti 10. Na taa ya nyuma iliruhusiwa kupanda na kushuka kioo kizima kwa pamoja, bila kugawanywa kanda. Sasa niambie, sehemu gani ya orodha hiyo ni HDR? Walioipitisha walikuwa wataalamu, na hesabu ya kugawanya 400 kwa 0.4 haikuwashinda. Waliweka mlango mpana ili kila kiwanda kipite, na gharama akabebeshwa mnunuzi.

Utetezi wao ninaujua: laptopu nyingi za wakati ule zilikuwa na paneli za biti 6 na mwangaza hafifu, kwa hiyo daraja la 400 lilikuwa hatua mbele. Kwa laptopu, sawa. Basi wangeliita jina lingine.

Madhara yanaonekana pale mhariri anapowasha HDR kwenye Windows, na ni lazima atawasha, kwa sababu ndicho alicholipia. Chukua kazi tunayoifahamu wote: sherehe ya usiku ukumbini, bibi harusi mwenye shela jeupe, uso wa rangi ya maji ya kunde, nyuma yake pazia jeusi na taa za mapambo. Kwenye SDR, na monita imewekwa niti 100 kama studio zinavyoweka, paneli yenye 1000 kwa 1 inatoa weusi wa niti 0.1. Washa HDR, na monita za aina hii nyingi zinasukuma taa ya nyuma hadi mwisho. Sasa nyeupe ni niti 400, lakini nyeusi nayo imepanda hadi 0.4. Weusi umeng'aa mara nne. Pazia limekuwa kijivu. Juu ya hapo, Windows inaibeba picha ya SDR ndani ya HDR kwa mkunjo wa sRGB, ambao huinua vivuli ukilinganisha na gamma 2.2 uliyoizoea, na monita nyingi zikiwa katika hali hiyo hufunga vitufe vya mwangaza na kontrasti, hivyo kwenye monita yenyewe huna pa kurekebisha.

Mhariri anafanya nini? Anafanya kile ambacho jicho linamwambia. Anavuta vivuli chini, anaongeza kontrasti, pazia linarudi kuwa jeusi, anaridhika. Anatoa faili, anaituma. Familia inaifungua kwenye simu yenye kioo cha OLED, ambako nyeusi ni nyeusi kweli, na uso wa bibi harusi umezama gizani. Yamebaki meno, macho na shela. Kwa ngozi zetu, habari yote ya uso katika mwanga hafifu inakaa kwenye theluthi ya chini ya waveform, na hapo ndipo monita hii inaposema uongo. Mtu wa ngozi nyeupe chini ya taa zilezile angepona kwa sababu uso wake unakaa juu zaidi. Ndiyo maana nalichukia daraja hili kuliko wanavyolichukia wachambuzi wa Ulaya: wao linawanyima uzuri, sisi linatufuta sura.

Na mteja akirudi analalamika, anayelaumiwa ni kamera. Nimeona watu wakibadilisha lenzi kwa kosa la monita.

Madaraja ya 600 na 1000 yaliandikwa vizuri. Marekebisho ya Mei 2024, yanayolidai daraja la 400 nalo biti 10 na asilimia 90 ya DCI-P3, ni ya haki, ila hayakuzibandua stika za zamani zilizoko kwenye rafu za Kariakoo na Luthuli Avenue.

Mara nyingi stika hiyo haiji peke yake. Utaikuta na hertzi 165, milisekunde 1 na kioo cha VA kilichopinda. Kazi zetu ni fremu 25 au 30 kwa sekunde. Hertzi 165 zitakusaidia kusogeza kipanya bila kukwama, basi. VA nayo ina weusi mzuri ukikaa katikati kabisa, lakini sogeza kichwa kidogo na vivuli vinabadilika, na mteja aliyekaa kando yako anaona picha nyingine. Mnabishana kuhusu rangi ambayo mmoja wenu haioni.

Hatukutoka huku. Waliojifunza kwenye Trinitron za studio za Sony walianza siku kwa mistari ya rangi ya SMPTE: unabonyeza kitufe cha bluu pekee, unasawazisha, ndipo kazi inaanza. Monita ile haikuahidi chochote zaidi ya ukweli. HP nao mwaka 2008, wakishirikiana na DreamWorks, walitoa DreamColor LP2480zx: biti 10, na menyu ya kuchagua Rec. 709 au nafasi nyingine ya rangi bila ubishi. Ilikuwa na bei ya kuogofya, dola 3,499, lakini hakuna aliyeinunua akadanganywa. Na shujaa wa maskini ni Dell U2412M ya mwaka 2011. Inchi 24, pikseli 1920 kwa 1200, IPS, niti 300. Ndiyo, ndani ni biti 6 zinazosaidiwa na ujanja wa FRC. Lakini SDR inahaririwa kwenye niti 100, kwa hiyo mwangaza wake ni mara tatu ya unaohitajika, na ile mistari 120 iliyoizidi 1080 ndiyo inayokupa nafasi ya taimlaini. Nikiwekewa hiyo iliyotumika na HDR 400 mpya, nachukua Dell bila kufikiri. Uliza tu waya wa DisplayPort, maana haina HDMI. Iogope kaka yake U2410: taa zake ni za fluoresenti, na kwa umri ilionao sasa zimefifia na kugeuka manjano.

Kwa anayetaka mpya, ASUS ProArt PA248QV ndiyo mrithi wa haki: IPS, 1920 kwa 1200, Rec. 709 nzima, na imepimwa kiwandani. Ukiwa na nafasi na fedha kidogo zaidi, PA278QV ya inchi 27 na 1440. Salio lisiende kwenye hertzi. Liende kwenye kipima rangi, Spyder au cha Calibrite, na hicho wahariri kadhaa wanaweza kuchanga na kuazimana, kwa sababu monita haihitaji kupimwa kila siku. DisplayCAL ni bure. Jambo moja linalowaponyoka wengi: DaVinci Resolve kwenye Windows haiifuati profaili ya ICC katika dirisha lake la picha. Tengeneza LUT ya 3D kwa DisplayCAL, ipachike kwenye Color Management, la sivyo umepima bure.

Na kazi ya HDR ya kweli ikija? Netflix wanataka monita ya kugredia ifike angalau niti 1000. Kodi chumba chenye monita hiyo kwa siku za rangi tu, ukataji ufanye kwenye monita yako ya SDR.

Kama bado moyo wako uko kwenye ile yenye stika, mwombe muuzaji awashe HDR mbele yako, ufungue picha nyeusi tupu kwenye kioo kizima na taa za duka zizimwe. Kisha azime HDR, ashushe mwangaza, mtazame tena. Baada ya hapo muulize bei ya ile ya IPS iliyo kando yake.