Kikonyo Kilichobaki Bandani

Siku hizi mtu akipanga trei nne za ngano iliyochipua na kupiga picha, anaitwa bingwa wa majani ya kuku. Juzi nilisikia sifa hizo Karatu mjini, mbele ya banda ambalo kuku wake walikuwa wamesimama juu ya mboga iliyogeuka tope. Wageni walitazama bustani, wakavunja yai moja na kushangilia kiini, wakaondoka wameridhika. Hakuna aliyeinama kutazama sakafu.

Ngano iliyochipua sehemu yake kubwa ni maji, na trei isiyosuguliwa vizuri huota kuvu. Kwenye udongo wetu huu mwekundu, unaoitikia samadi iliyooza kuliko udongo wowote ninaoujua, sioni sababu ya kuikimbilia. Bustani ya kuku ina sukuma wiki, mchicha, matembele na mstari wa lusina ukingoni. Chainizi haimo, ni jani legevu la watu wenye haraka. Lusina itolewe kwa kiganja tu, maana ina sumu iitwayo mimosini, na kuku akizidishiwa hudumaa na kupunguza kutaga. Jani lisilo na tundu hata moja, uliza limepigwa dawa lini.

Kiini cha njano nacho hakithibitishi kitu. Mahindi ya njano hukipa rangi, na unga wa rangi wa dukani hukipa zaidi. Namfahamu muuzaji aliyekuwa akiuchanganya kwenye pumba na kuuza mayai yake kwa bei ya kienyeji, na bandani kwake hapakuingia jani. Mwingine hununua mafungu sokoni alfajiri ya siku ya wageni, akayatundika. Huyo utamjua kwa kamba: ni mpya, haina alama ya mdomo wa kuku.

Na hapo kwenye kamba ndipo kazi ilipo. Kuku hana meno. Jani likilala chini, akilivuta linamfuata lote, analimeza kama utepe, na tepe hizo hujisokota ndani ya gole mpaka likaziba. Lililofungwa imara linampinga, kwa hiyo kila anapodonoa hunyofoka kipande kidogo tu. Fungu lifungwe kwenye vikonyo kwa kamba ya katani, majani yaelekee chini, ncha ziwe usawa wa mgongo wa kuku. Likipanda zaidi wataruka na kuumizana. Likishuka watalikanyaga na kulinyea, na wakila kinyesi wanajiletea ugonjwa wa kuhara damu. Kosa la wengi ni fundo lisilofuata fungu. Majani yakiliwa na vikonyo vikinyauka, fungu hupungua unene, fundo linalegea, na yaliyobaki yanaanguka sakafuni mchana wakati mwenye banda yuko kazini. Fundo liwe lile linalojikaza kila linapovutwa.

Bibi mmoja wa Rhotia, aliyenifundisha kazi hii, hakuwahi kumwuliza mtu amepanda nini. Alifika jioni, akashika vikonyo vilivyoning'inia na kuvipitisha kati ya vidole. Kikonyo kilichodonolewa mpaka ikabaki mishipa mikubwa peke yake alikiweka kando bila neno. Chenye majani yaliyonyauka kilimkasirisha: jani lilikatwa jua kali, kuku wakalikataa. Kisha alimkamata kuku mmoja akapapasa gole, na alfajiri alirudi kulipapasa tena. Lilitakiwa liwe tupu.

Jani hunyauka pia safarini. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009, kwa hiyo mwenye banda huko hana budi kupandisha mafungu kutoka Karatu. Fungu la safari livunjwe kikonyo: kikilia, linafaa, kikipinda, limechelewa.

Zamani, kabla viwanja havijakatwakatwa na kuzungushiwa ukuta, kuku wa Mbulumbulu walijitafutia kongwa na mchicha pori kati ya mistari ya mahindi masika nzima. Mayai yale siyapati tena. Kuku wa banda hula anacholetewa, jinsi anavyoletewa, na ndiyo maana ninayakagua mabanda saa kumi na moja jioni, kabla vikonyo havijafagiliwa. Asubuhi kila banda lina majani.