Picha Nzito, Mnara wa Mbali

Ukurasa wa tovuti ukikataa kufunguka Garissa, lawama zote hutupiwa mtandao. Lawama hizo zina msingi. Minara ya kaskazini mashariki mwa Kenya imeachana mbali, na baadhi yake huko Mandera, Wajir na Garissa imeharibiwa na al-Shabaab, simu zikabaki kunasa mnara wa mbali kwa kasi ya 2G. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kungoja huko huanzia kwa aliyepandisha picha kwenye tovuti jinsi ilivyotoka kwenye kamera. Tupige hesabu. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000, na mara nyingi huwa na uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Mwanafunzi wa Masalani anayetafuta fomu ya basari ana simu ya bei nafuu ambayo kioo chake kina upana wa pikseli 720. Kwa picha ya umbo hilo, kioo hicho kinahitaji pikseli 388,800 tu, yaani moja kati ya kila 31 zilizotumwa. Hizo nyingine zinakula bando lake bure. Kwa kasi ya kilobiti 200 kwa sekunde, megabaiti 4 huchukua sekunde 160 kufika. Kilobaiti 60 hazifikishi hata sekunde 3.

Facebook walilijua hili kwa njia ya gharama. Mwaka 2013 wahandisi wake walikuja Afrika kuijaribu programu yao kwenye simu na mitandao ya huku, na bando la mwezi mzima likawaishia ndani ya dakika 40. Waliporudi walihamia WebP, muundo wa picha uliotolewa na Google mwaka 2010, ambao kwa vipimo vyao ulipunguza uzito kwa asilimia 25 hadi 35 ukilinganishwa na JPEG. Oktoba 2015 wakaanzisha utaratibu wa kila Jumanne, ambapo mfanyakazi aliyekubali alitumia programu hiyo kwa saa nzima kwa kasi ya 2G. Kisa hiki kikisimuliwa, wengi hukimbilia WebP, na hapo ndipo wanapokosea mpangilio. Muundo mpya unaokoa kama theluthi moja. Kupunguza vipimo vya picha kunaokoa mara kadhaa zaidi. Picha ya pikseli 4,000 iliyogeuzwa kuwa WebP bado ni mzigo. Kwanza ipunguzwe vipimo kulingana na kioo, tena kwa saizi mbili tatu ili kivinjari kichague inayokifaa, halafu ndipo muundo uzungumziwe.

Kuna wanaohofia kwamba picha itaharibika. Mnunuzi wa ngamia anataka kuona chapa iliyo shingoni, na hawezi kuuziwa ukungu. Hofu hii inastahili jibu la kina. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale mabadiliko madogomadogo ya mwanga na rangi ambayo jicho huyakosa kwa urahisi. Mbingu tupu ya Garissa hubanwa ikawa karibu si kitu. Mchanga, miiba ya migunga na manyoya ya mifugo sokoni ni mabadiliko matupu kila pikseli, kwa hiyo picha mbili zenye vipimo sawa zinaweza kutofautiana uzito mara kadhaa. Ndiyo maana kiwango kimoja cha ubora hakifai kupachikwa kwenye picha zote. Mpandishaji ashushe ubora hatua kwa hatua, aiangalie chapa kwenye simu yenyewe, na asimame kabla haijafifia. Tangazo lililopigwa skani ni kesi nyingine kabisa: kingo za herufi huchafuka zikibanwa kwa JPEG, na maneno yaleyale yakichapwa kama maandishi yana kilobaiti chache tu. Kuyapandisha kama picha ni uvivu.

Wengine husema tungoje, kwa kuwa mkongo wa taifa umefika na 4G inaenea. Lakini mkongo ukifika mjini Garissa haujafika mkononi mwa mtu wa Hulugho, na bando bado linalipiwa kwa megabaiti. Zaidi ya hapo, kasi haigusi kumbukumbu ya simu: picha ya megapikseli 12 ikifunguliwa hutanuka hadi megabaiti 48 hivi, hata iwe ilibanwa vipi njiani, na simu yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu inaweza kukwama. Wapo pia wanaotegemea kivinjari kifanye kazi hiyo. Opera Mini hubana kurasa kwenye seva zake, ni kweli, lakini Google iliiondoa hali ya kuokoa data kwenye Chrome Machi 2022. Mwenye tovuti hana mamlaka juu ya kivinjari cha mgeni wake. Juu ya picha zake anayo.

Mbinu moja inayosifiwa sana naiwekea alama ya kuuliza: kuchelewesha picha hadi msomaji azifikie. Inaokoa bando, na kwa picha za chini kabisa ya ukurasa mrefu naikubali. Ila mtandao ukikatika katikati ya kusoma, picha zilizocheleweshwa hazitafika kabisa. Ramani ya kituo cha usajili yenye kilobaiti 40 heri ishuke pamoja na maandishi, mara tu ukurasa unapofunguliwa.