Bustani Inayopandwa Iliwe

Mtunza bustani akikuta jani limetobolewa, kwa kawaida hununa. Lakini Marekani na Kanada wapo watu ambao kila kiangazi huinama wakifunua majani mojamoja, wakiomba wayakute yametobolewa. Hao ni walezi wa kipepeo monaki, yule mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mishipa myeusi. Kazi yao naihesabu kuwa ufundi wa juu kabisa wa bustani: kupanda mmea, kuumwagilia na kuupalilia, mavuno yake yakiwa ni kuliwa na mdudu.

Mmea wenyewe ni asklepia. Ukikata jani lake, hutoka utomvu mweupe wenye sumu, na wakulima wa mashamba makubwa huuhesabu kuwa gugu. Mbegu za aina za nchi za baridi haziamki vizuri mpaka zionje baridi. Ama zimwagwe kabla ya theluji zilale ardhini, ama zikae kwenye friji wiki kadhaa ndani ya mchanga wenye unyevu. Huwezi kuziharakisha, na hapo ndipo mwanagenzi hujulikana kama ana subira.

Kiwavi wa monaki hali kitu kingine. Mpe kabichi, mpe mchicha, atakufa na njaa. Jike hulitambua jani kwa kulionja kwa miguu, akataga yai moja dogo kama kichwa cha pini, kwa kawaida upande wa chini, kisha akaenda jani jingine. Baada ya siku chache kiwavi hutoka, akala kwanza ganda la yai lake, ndipo akaligeukia jani. Kwa wiki mbili hivi hufanya kazi ya kula tu, akijivua ngozi kila inapombana, huku milia yake ya njano, nyeusi na nyeupe ikizidi kukolea. Akishakuwa mkubwa hutafuna kikonyo cha jani mpaka utomvu ukatike na jani linyong'onyee, kisha hulila bila kunatwa mdomo. Ile sumu huihifadhi mwilini, na ndege akimmeza kipepeo anayetokana naye hutapika, asimrudie tena.

Akishiba huondoka kwenye mmea, akatafuta mahali pa kujining'iniza kichwa chini. Ngozi hupasuka kwa mara ya mwisho na ndani yake hutokea pupa wa kijani kibichi, amezungukwa juu na vitone vya dhahabu. Nimeshindwa kuona kazi ya sonara inayokaribia ile. Siku kumi hivi baadaye gamba huwa angavu, rangi ya chungwa ikaonekana ndani. Kipepeo hutoka na mabawa yaliyosinyaa, akayajaza maji ya mwili wake, akakaa saa kadhaa yakikauka. Mlezi asimguse.

Asklepia peke yake haitoshi, kwani kipepeo mzima hali majani. Anataka nekta, na anaitaka zaidi mwisho wa kiangazi. Ndiyo maana bustani nzuri hupangwa ili maua yapokezane: zinia na tithonia za asili ya Mexico zikianza kuchoka, asta ziwe zinafunguka. Kizazi cha miezi ya joto huishi wiki chache tu. Kile cha mwisho huishi miezi minane au zaidi, na huruka hadi kilomita 4,000 kwenda kwenye misonobari ya milima ya Mexico ambako hakijawahi kufika.

Kwa muda mrefu wanasayansi hawakujua kituo hicho kilipo. Fred na Norah Urquhart wa Toronto waliwaomba maelfu ya watu wa kawaida wabandike vibandiko kwenye mabawa ya vipepeo, na Januari 1975 wasaidizi wao wawili, Ken Brugger na Catalina Aguado, wakawakuta mamilioni yao Michoacán, Mexico. Wanavijiji wa huko waliwafahamu vipepeo hao siku zote.

Majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997 vipepeo hao walifunika zaidi ya hekta 18 za msitu. Yale ya 2013 kuingia 2014 hawakufikisha hekta 1. Misitu ilikatwa, na dawa za kuua magugu zikafyeka asklepia katika mashamba ya mahindi na soya. Kwa hiyo shina moja uani si pambo.

Hata hivyo, upendo ukizidi hudhuru. Viwavi wakirundikwa kizimbani huambukizana vimelea, na utafiti uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa monaki waliofugwa ndani ya nyumba wanaweza kupoteza uwezo wa kuelekea kusini. Asklepia ya kitropiki yenye maua mekundu na njano, isipokatwa katika majimbo yenye joto, hubaki kijani mwaka mzima na kulimbikiza vimelea hivyo. Hukumu yangu ni kwamba kulea wachache kizimbani ili mtoto aone ni jambo jema, lakini fundi wa kweli hulea udongo, akawaachia viwavi jua, mvua na hata maadui wao.

Afrika Mashariki yupo nduguye, Danaus chrysippus, wa chungwa pia, mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Viwavi wake hula mimea ya jamii hiyohiyo yenye utomvu, ambayo huota kando ya njia na viwanjani, nasi huifyeka kila tusafishapo. Safari ijayo acha mashina mawili matatu pembeni, mbali na mifugo na mikono ya watoto, maana utomvu huo huumiza macho. Panda zinia karibu yake, na usipulizie kona hiyo dawa yoyote ya wadudu.