Mafundi wa Nyumba ya Emily Dickinson

Meza ya kuandikia iliyomo chumbani mwa mshairi Emily Dickinson, mjini Amherst, jimbo la Massachusetts, ni nakala. Yenyewe iko Chuo Kikuu cha Harvard. Gauni jeupe linaloonyeshwa nalo ni la kuiga. Mgeni ana haki ya kununa: katoka mbali kote huko aje kuonyeshwa viigizo? Mimi lakini nawasifu mafundi wa nyumba ile kwa jambo hilohilo. Wameiga kwa ustadi, na hawamfichi mtu kwamba wameiga.

Nyumba ni ya matofali, ya mwaka 1813, kazi ya babu yake. Emily alizaliwa humo 1830, akafia humo 1886, huku ameacha mashairi karibu 1,800. Yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu. Mengi aliyanakili kwa mkono, akayashona kwa uzi kuwa vijitabu. Meza aliyoandikia, kila upande haufiki nusu mita. Sinia la chai lingeienea.

Mwaka 1916 nyumba iliuzwa, na kile chumba cha vioo alichotunzia maua yake majira ya baridi kikabomolewa. Kwa bahati, madirisha, vibao vyake na mlango havikutiwa jikoni kuwa kuni, viliwekwa kando. Chumba kilipojengwa upya mwaka 2017, vikarudi mahali pake. Ufundi wa namna hii huanza kwa mtu asiyependa kutupa, na mtu huyo nyumbani kwake pengine huonekana msumbufu.

Kazi ya chumba cha kulala ndiyo inayonishangaza zaidi. Ukutani, chini ya matabaka ya miaka mingi, yalipatikana mabaki ya karatasi ya mapambo yenye maua ya waridi. Vipande tu. Kutokana navyo ikabidi kutambua ua linaanzia wapi na linajirudia baada ya kiasi gani, rangi ilikuwaje kabla ya kufifia, ndipo karatasi mpya ichapishwe na kubandikwa ukuta mzima. Fundi mwenye makuu angebuni ua zuri zaidi. Hawa walilifuata lile lile la zamani.

Na kwa kuwa vingi humo ni vya kuiga, chumba hakikufungwa kama kaburi: mgeni akilipa, huachiwa nafasi ya kukaa humo peke yake kwa muda, akaandika.