Asilimia ya Nini?

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililofanywa katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwamo. Watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi 4, waliugua malaria mara chache zaidi, kwa asilimia 36, kuliko wasiopewa chanjo hiyo, katika muda wa miaka 4 hivi. Habari ikifupishwa kuwa “chanjo yakinga asilimia 36”, mzazi aweza kudhani watoto 64 katika 100 hawafaidiki hata kidogo, akaidharau. Hapa kosa si la utafiti, bali la kitenzi kilichonyang’anywa yambwa yake. Kabla ya kuhukumu, mhakiki hana budi kuuliza: asilimia ya nini, kuliko nani, kwa muda gani?