Damu ya Shira

Derek ameanguka kutoka juu ya jabali la pwani, na mtazamaji ameshamhesabu marehemu. Mara anainuka. Anajipapasa kisogo, anakuta fuvu limefunguka na ubongo unachungulia nje. Hapigi kelele wala haiti msaada. Anakirudisha kilichomwagika, anakifunika na kigae cha fuvu, na kigae kinapokataa kutulia anajifunga mkanda wa suruali kichwani. Kisha anarudi kazini, kupambana na viumbe wa sayari nyingine waliokuja duniani kuwinda nyama ya binadamu kwa ajili ya mikahawa yao.

Hiyo ni Bad Taste, filamu ndefu ya kwanza ya Peter Jackson wa New Zealand, iliyotoka mwaka 1987. Jackson alikuwa kijana aliyeajiriwa katika gazeti la Evening Post mjini Wellington. Filamu aliipiga siku za mapumziko pamoja na rafiki zake, kwa takriban miaka minne, sehemu kubwa huko Pukerua Bay alikokulia. Kamera ilikuwa ya milimita 16, haichukui sauti, kwa hiyo kila neno, kila mlio wa risasi na kila mguno ulipachikwa baadaye. Vinyago vya wale viumbe vilikaushwa katika oveni ya mama yake. Waigizaji walikuwa wachache mno, hata Jackson akalazimika kuwa watu wawili: Derek asiye na ndevu, na kiumbe mmoja mwenye ndevu anayeteswa na Derek huyohuyo ukingoni mwa jabali. Fedha za tume ya filamu ya nchi yake zilifika mwishoni, kazi kubwa ikiwa imekwishafanyika.

Wengi wanaipenda hadithi hii kwa sababu ya kilichofuata, yaani The Lord of the Rings na tuzo za Oscar. Mimi naona kuisifu Bad Taste kwa ajili ya Oscar ni kuidharau. Ni kama inahitaji udhamini wa ndugu yake tajiri ndipo iruhusiwe kukaa sebuleni. Filamu za damu na kichekesho zina ufundi wake, na ufundi huo unatosha kusifiwa peke yake.

Tuanze na damu yenyewe. Damu ya kweli haifai: huganda, huoza, na mbele ya taa hugeuka rangi ya kutu. Herschell Gordon Lewis alipopiga Blood Feast huko Florida mwaka 1963, kwa gharama ya chini ya dola 25,000, alitengenezewa damu maalumu, nyekundu ya kung'aa kuliko iliyomo mishipani. Sam Raimi na wenzake, wakiwa katika nyumba ya msituni Tennessee kupiga The Evil Dead, walitumia shira ya mahindi na rangi ya chakula. Shira ni nzito, hivyo huteremka shavuni polepole kama inavyotakiwa, lakini hunata kila mahali. Bruce Campbell, aliyekuwa mhusika mkuu, amesimulia jinsi shati lake lilivyokauka kando ya moto likawa gumu kama ubao, na alipojaribu kulivaa likavunjika.

Lakini kuchanganya shira na rangi kunaweza kufanywa na yeyote mwenye sufuria. Ugumu uko kwenye kipimo. Tone moja juu ya shati jeupe linatia hofu. Kikombe kizima kinatia kinyaa. Pipa zima linachekesha. Fundi wa filamu hizi ni yule anayejua mahali hasa hofu inapochoka na kicheko kinapoanza, akatuvusha hapo kabla hatujafumba macho. Akimwaga mapema, tunageuza uso. Akichelewa, tunabaki na mateso matupu.

Tazama Braindead, ambayo Jackson aliitoa mwaka 1992. Mama mtu mzima, mwenye kupenda heshima, ameumwa na mnyama wa ajabu katika bustani ya wanyama, naye anaoza akiwa hai. Akiwa katika hali hiyo anapokea wageni mezani. Hakuna msumeno wala shoka, ni kastadi tu katika bakuli. Usaha wa jeraha lake unaruka hadi kwenye bakuli la mgeni, naye mgeni anakula na kusifu. Kisha sikio la mama linadondoka ndani ya chakula chake mwenyewe, na mwanawe Lionel anatazama akitafunwa na aibu huku mama akilila. Kilichomwagika hapo hakijai kijiko, na bado ukumbi mzima hupiga mayowe. Baadaye Lionel huyohuyo anaingia katika nyumba iliyojaa wafu waliofufuka, amekumbatia mashine ya kukatia nyasi, na sakafu inageuka bwawa. Tukio la pili linatuchekesha kwa sababu la kwanza lilitubana mbavu. Huo ni utunzi, sawasawa na mshairi anavyojua vina vyake vitaangukia wapi.

Ndipo linapokuja swali la haki. Nani aliyetupa ruhusa ya kucheka mwili ukikatwakatwa?

Msomaji aliyekulia Tanzania amewahi kukutana na jibu msibani. Watani wanafika, wengine wamevaa nguo za marehemu, wanaigiza mwendo wake, wanamdai madeni, wanazuia jeneza lisitoke mpaka walipwe. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, wala hakuna anayesema wamekosa adabu. Utani una masharti. Kwanza, hutanii usiyehusiana naye. Pili, mtani huyo anayekejeli ndiye anayetarajiwa kushika jembe kaburini na kuhangaika na shughuli. Mzaha wake ameulipia kwa jasho.

Filamu ya damu yenye bajeti ndogo inalipa kwa namna hiyohiyo. Mpira wa kichwa bandia unaonekana mshono. Mrija unaopuliza damu karibu uchungulie kwenye shingo. Mtazamaji anaona mkono wa fundi, anajua kuna mtu aliyelala chini ya sakafu akisukuma pampu, na hapo mapatano yanafungwa: hakuna aliyeumia, wote tunajua, tuendelee. Athari za kompyuta zilizokamilika kupita kiasi hutunyang'anya mapatano hayo. Jeraha lisilo na dosari hutuacha tukiwa mashahidi wa ukatili, ilhali jeraha la mpira hutufanya washiriki katika mchezo. Kwa hiyo ufukara wa filamu hizi, ambao wakosoaji huutaja kama udhaifu wa kusamehewa, ndio unaotupa ruhusa ya kucheka.

Hapa jirani yupo mtu aliyelifahamu hilo bila kufundishwa. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikuwa akifyatua matofali kabla ya kuwa mwongozaji, na kompyuta zake aliziunga kwa vipuri. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 hutajwa kuwa iligharimu chini ya dola 200. Mwanzoni yeye na wenzake walitumia damu ya ng'ombe, mpaka mwigizaji akaugua, wakahamia rangi ya chakula. Damu hiyo hujazwa katika kondomu zinazofichwa chini ya nguo na kupasuliwa risasi inapolia. Na juu ya yote inapanda sauti ya VJ Emmie, anayeisimulia filamu, kuisifu na kuikejeli kwa pumzi moja. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, akamsikiliza Lufufu akisimulia filamu kwa Kiswahili, au DJ Afro kule Kenya, anaijua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba Wakaliga wamemweka mtani ndani ya filamu yenyewe.

Sisemi kila anayemwaga shira ni fundi. Blood Feast, pamoja na nafasi yake katika historia, inawapanga wanawake mmoja baada ya mwingine kama nyama buchani, na mzaha wake hauwagusi wanaoua. Zipo nyingi za namna hiyo, nyingine za majuzi tu. Zimevunja sharti la kwanza: zinamcheka mtu ambaye hazina uhusiano naye. Derek mwenye mkanda kichwani ni Jackson mwenyewe. Mkono uliokatwa kwa msumeno wa injini katika Evil Dead II ni wa shujaa, na ameukata mwenyewe baada ya mkono huo kumpasulia sahani kichwani. Anayechekwa ni yule tuliyekwisha kujitambua ndani yake, mwenye mwili usiomtii kama wetu usivyotutii tukipiga chafya kanisani au tumbo likinguruma mbele ya wakwe.

Kwa hiyo nikitaka kupima filamu ya aina hii, sihesabu lita. Nauliza mzaha unamwangukia nani, na kama aliyeutoa ameshika jembe. Ya Wellington ilifaulu kwa miaka minne ya siku za mapumziko, na ya Wakaliga inafaulu kwa dola zisizofika 200. Zipo za mamilioni zilizoshindwa, kwa sababu fedha zilinunua kila kitu isipokuwa uhusiano.